Nyigu wa Ndani ya Yai

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Aghalabu methali hii hutumiwa kumtahadharisha mtu dhidi ya ndugu, jirani au rafiki anayemdhuru huku akimchekea. Yamkini walioitunga walimwaza chawa. Hata hivyo, yupo mdudu mwingine ambaye hangoji mwenyeji wake avae nguo, wala hangoji azaliwe. Humwingia angali yai.

Mdudu huyo ni nyigu. Si yule mwenye kiuno chembamba anayejenga kiota chini ya paa na kuwatimua watoto kwa mwiba wake. Huyu anayezungumziwa hapa ni mdogo mno, kiasi kwamba wawili wakipangwa mmoja nyuma ya mwingine hutimiza takriban milimita moja tu. Hana haja yoyote na binadamu. Jike lake hutafuta mayai ya wadudu wengine, hutoboa ganda na kutaga yai lake ndani. Mwana huanguliwa humo, hula humo, hukua na kujigeuza humo, kisha hutoboa ganda na kutoka akiwa nyigu kamili mwenye mabawa. Yai lililotagwa ili lizae kiwavi huishia kuzaa nyigu.

Msafiri anayeshuka kwenye matatu pale Dagoretti Corner, Barabara ya Ngong inapokutana na Barabara ya Naivasha, hawezi kudhani kwamba habari kama hii inamhusu. Hupokewa na honi, sauti za makanga na moshi wa magari. Karibu na hapo yapo makao makuu ya idara ya utabiri wa hali ya hewa, na kwa upande wa mjini kuna uwanja wa Jamhuri, ambapo wakulima huja kuonyesha mazao na mifugo yao katika maonyesho ya kilimo. Lakini akiiacha barabara kuu na kupenya vichochoro vya kuelekea Riruta, Kabiria na Waithaka, ataona kwamba jiji halijakimaliza kijiji. Baina ya nyumba za ghorofa zinazozidi kuchomoza, vimesalia vishamba vyenye upana wa ua: mihindi mistari kumi, maharagwe chini yake, sukumawiki ukingoni na nyasi ya ng'ombe kando ya mtaro. Eneo hili liko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Lina mvua mbili kwa mwaka, na katika mwezi wa Julai baridi yake humlazimu hata kijana kuvaa sweta.

Vishamba hivyo havikusalimika balaa ya mwaka 2017. Mwaka mmoja kabla yake, kiwavi ambaye asili yake ni bara la Amerika alikuwa ameonekana Afrika Magharibi kwa mara ya kwanza. Mwezi wa Machi 2017 ilithibitishwa kwamba ameingia Kenya. Wanasayansi humwita Spodoptera frugiperda. Kwa Kiswahili aliitwa kiwavijeshi vamizi, jina lililomtofautisha na kiwavijeshi wa Kiafrika aliyezoeleka tangu zamani. Mama yake ni nondo wa rangi ya kijivu anayeruka usiku. Huweka mayai yake kwenye jani kwa makundi, mara nyingi kati ya 100 na 200, na kuyafunika kwa manyoya laini yanayotoka mwilini mwake. Katika uhai wake huweza kutaga zaidi ya mayai 1,000. Katika joto, siku mbili au tatu hutosha mayai hayo kuanguliwa. Viwavi wachanga huanza kwa kukwangua majani, kisha hujichimbia katika moyo wa muhindi, ambamo jua halipenyi wala dawa haifiki kwa urahisi.

Dawa ndiyo iliyokuwa jibu la wengi. Wapo waliotia majivu au mchanga katika moyo wa kila muhindi, kazi inayotaka subira na mgongo imara. Wengine walikwenda kwenye agroveti, wakanunua kichupa, wakaazima pampu ya mgongoni na kupuliza. Nyingi za dawa hizo hazichagui. Humuua kiwavi aliye juu ya jani, na pamoja naye huwaua buibui, nyuki, na yule nyigu asiyeonekana aliyekuwa akitembea juu ya mayai.

Nyigu huyo yupo, na ana majina ya kisayansi. Mmoja ni Telenomus remus, aliyeelezwa mwaka 1937 kutokana na vielelezo vya Malaya. Tangu miaka ya 1970 alisafirishwa hadi nchi kadhaa za Amerika kwa nia ya kupambana na jamii hii ya viwavi. Mwaka 2019 watafiti walitangaza kwamba wamempata katika nchi tano za Afrika, nazo ni Benin, Côte d'Ivoire, Niger, Afrika Kusini na Kenya. Kumbe alikuwa kazini katika mashamba ya mahindi, hali wenye mashamba hawana habari naye. Mwingine ni wa jenasi ya Trichogramma, yenye spishi zaidi ya 200 duniani. Kimo cha wote wawili ni kama nusu milimita.

Inafaa kueleza kazi yao hatua kwa hatua. Jike likifika penye mayai, hulipapasa yai kwa papasi zake na kutembea juu yake huku na huko. Matembezi hayo si ya bure. Imebainika kwamba Trichogramma hukadiria ukubwa wa yai kwa muda anaochukua kulivuka, na kwa kipimo hicho huamua atage mayai mangapi ndani yake. Katika yai dogo hutaga moja, na katika yai kubwa huweza kutaga mengi. Akisharidhika, huinua mkia, huchomeka mrija wake wa kutagia na kupekecha ganda mpaka litoboke. Telenomus remus, kwa upande wake, hutaga yai moja tu katika kila yai la nondo, kisha hulipaka alama juu kwa ncha ya mrija ule ule. Alama hiyo humwarifu jike atakayefuata kwamba nyumba hii ina mtu. Tena Telenomus ana ustadi ambao Trichogramma hana kwa kiwango hicho. Huweza kupenya manyoya ya nondo na kuyafikia mayai ya tabaka la chini, ilhali mwenzake mara nyingi huishia kwenye yale ya juu. Katika uhai wake jike mmoja wa Telenomus huweza kuharibu zaidi ya mayai 200.

Ndani ya yai mambo huenda kwa kasi. Buu wa Telenomus aliyetoka kuanguliwa hafanani hata kidogo na mama yake. Ana mkia na taya zilizopinda kama ndoana. Ukuaji wa kiwavi hukoma, na kile kilichokuwa kikiandaliwa kuwa kichwa, miguu na utumbo hugeuka uji wa mgeni. Katika joto la nyuzi 27 za Selsiasi, muda wa siku 10 au 11 humtosha kupita hatua zote na kutoka. Dagoretti, ambako wastani wa joto ni chini ya nyuzi 20, muda huo hurefuka. Wakati buu anakomaa, yai hubadilika rangi likawa jeusi. Yai zima la nondo nalo hutia weusi linapokaribia kuanguliwa, kwa kuwa vichwa vya viwavi huonekana kupitia ganda, lakini siku inayofuata huwa limepasuka. Yai lenye nyigu hubaki jeusi siku baada ya siku, na mwishowe huonekana tundu dogo la mviringo alimotokea mwana.

Wataalamu humwita anayeliwa mwenyeji. Katika utamaduni wa Waswahili neno hili lina heshima yake, na wazee husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika yai la nondo methali hiyo hupinduka, kwani mgeni akija mwenyeji haponi. Yawezekana hapo ndipo moyo wa msomaji unaposita. Hata Charles Darwin alisita. Katika barua aliyomwandikia rafiki yake Asa Gray mwaka 1860, aliwataja nyigu wa jamii nyingine wanaolisha wana wao ndani ya miili ya viwavi walio hai, akasema ilimwia vigumu kuamini kwamba Muumba mwenye rehema aliwakusudia. Lakini mkulima hana fursa ya kusita namna hiyo. Kwake swali ni nani atakayekula kwanza: nyigu atakula yai, au kiwavi atakula muhindi? Aliyesema samaki mkunje angali mbichi angeielewa kazi ya nyigu huyu bila maelezo mengi. Nyigu wengine humwingia kiwavi akiwa tayari amekwisha kuharibu majani, lakini huyu humkabili adui kabla hajala hata jani moja.

Uzazi wao nao una mafumbo yanayoweza kuwapa kazi wapenzi wa fasihi simulizi. Kwa nyigu, kama ilivyo kwa nyuki na siafu, yai lililorutubishwa huwa jike na lisilorutubishwa huwa dume. Jike huhifadhi mbegu za dume katika kifuko, na kila anapotaga huweza kuziachilia au kuzizuia. Kwa hiyo ni mama anayeamua atazaa binti au mwana wa kiume. Dume lake halina baba, lakini lina babu, maana mama yake alizaliwa kwa mbegu. Kitendawili hicho kingeweza kutegwa mbele ya moto wowote: sina baba, lakini babu ninaye.

Madume hutangulia kutoka mayaini. Hayaendi mbali. Hungoja juu ya kundi lile lile la mayai, na dada zao wanapotoka huwapanda hapo hapo. Kwa sababu hiyo mama hana haja ya kuzaa madume mengi. Dume mmoja au wawili huwatosha mabinti wote, na madume ya ziada yangeishia kugombana wao kwa wao. Mwaka 1967 mtaalamu wa Uingereza, W. D. Hamilton, alieleza kwa hesabu kwa nini mahali ambapo ndugu hupandana jike huzaa mabinti wengi kuliko wana wa kiume. Nyigu wa aina hii walikuwa miongoni mwa mifano yake. Katika spishi kadhaa za Trichogramma mambo huzidi hapo. Bakteria anayeitwa Wolbachia huishi mwilini mwa jike na kufanya mayai yasiyorutubishwa yawe majike. Ukoo mzima huishi bila dume. Mwaka 1990 ilionyeshwa kwamba majike hao wakilishwa dawa ya kuua bakteria, madume hurudi.

Wapo pia wanaoingia yaini lakini hawatokei humo. Nyigu wa jenasi ya Chelonus, ambao baadhi yao wamepatikana Afrika Mashariki wakimshambulia kiwavijeshi vamizi, hutaga katika yai la nondo na kuliacha lianguliwe. Kiwavi hutoka, hula na kukua kama kwamba hana jambo, huku adui akiwa tumboni akisubiri. Kwa Copidosoma floridanum, yai moja au mawili yanayotagwa katika yai la nondo hugawanyika mara nyingi, hata kiwavi mmoja hutoa nyigu zaidi ya 2,000. Wapo na wasafiri. Huko Ulaya, Trichogramma brassicae huinusa harufu ya kipepeo jike wa kabichi aliyekwisha kupandwa, humparamia mwilini na kusafiri naye mpaka anapotaga. Abiria huyu halipi nauli, na akifika kituoni hula mzigo wa aliyembeba.

Huenda mtu akauliza kama haya yote yamewahi kuwasaidia Wakenya kabla ya kiwavi wa mwaka 2017. Yamewasaidia, na ushahidi umesimama wima kandokando ya barabara nyingi. Mikaratusi ililetwa nchini mwaka 1902 kutoka Australia ili kuni zake ziendeshe magari ya moshi. Baadaye alifuata fukusi wa jenasi ya Gonipterus, naye wa huko huko Australia, aliyekula majani machanga ya miti hiyo. Afrika Kusini ilikuwa imetangulia kupatwa na msiba huo, na mwaka 1926 ilimleta kutoka Australia nyigu mdogo, Anaphes nitens, anayeishi katika mayai ya fukusi huyo. Katika miaka ya 1940 nyigu yule alichukuliwa kutoka Afrika Kusini akaletwa Kenya. Alishika kazi, na fukusi akadhibitiwa bila pampu. Wengi wanaopumzika kivulini mwa mkaratusi hawajui kwamba kivuli hicho kilitetewa na mdudu asiyefikia hata milimita moja.

Lililo la ajabu zaidi, hata hivyo, liligunduliwa na watafiti wa icipe, taasisi ya wadudu iliyoasisiwa mwaka 1970 na mwanasayansi Mkenya Thomas Odhiambo. Makao yake yako Kasarani, upande wa pili wa jiji hili la Nairobi, mahali panapoitwa Duduville. Mwaka 2011 watafiti wake walichapisha matokeo kuhusu mahindi na nondo wa bungua, yule ambaye viwavi wake hutoboa mabua. Waligundua kwamba nondo huyo akitaga mayai kwenye majani ya mahindi ya kienyeji ya Amerika ya Latini, muhindi hutoa harufu ambayo haukuwa nayo hapo awali. Harufu hiyo humvuta Trichogramma bournieri, nyigu wa mayai, na humvuta pia nyigu mwingine anayeshambulia viwavi. Mbegu chotara za madukani zilizojaribiwa pamoja nayo hazikutoa mwito huo. Utafiti uliofuata uliona uwezo wa aina hii katika baadhi ya mahindi ya kienyeji yanayopandwa na wakulima wadogo wa Afrika Mashariki. Basi muhindi una namna yake ya kumwita mlinzi, na katika kuzalisha mbegu za magunia mengi, sauti hiyo imepotea katika baadhi ya mbegu bila mtu kukusudia.

Katika kimoja cha vishamba vilivyo nyuma ya Dagoretti Corner, bibi mmoja mwenye umri wa miaka sabini na ushei alikuwa na desturi ya kukagua mihindi yake kila asubuhi. Hakuwa na fedha za kununua dawa kila wiki. Alipoona jani lenye mayai alilikata, akalitia katika kopo, na jioni akayamwaga makopo yote motoni. Msimu mmoja wa mvua za masika mjukuu wake, aliyekuwa akisomea kilimo katika kampasi ya Upper Kabete, alikuja kumsalimu siku ya Jumamosi na kumkuta kwenye kazi hiyo. Alichungulia kopo.

"Shosho, haya meusi usiyachome," alisema.

"Kwa nini nisiyachome? Meusi ndiyo yaliyoiva. Kesho yataangua."

"Haya hayatatoa viwavi, Shosho. Ndani mna parasitoidi."

"Mna nini?"

"Parasitoidi."

"Hiyo ni dawa mpya? Inauzwa wapi?"

Kijana alicheka, kisha akaona kwamba bibi hacheki. Alijaribu kueleza. Alisema ni kimelea, na bibi akauliza kama ni minyoo. Akasema ni nyigu, na bibi akanyosha mkono kulichukua kopo, kwa kuwa mwaka uliopita nyigu walimwuma mtoto wa jirani hadi jicho likavimba. Akasema ni mdudu mzuri. Bibi alimtazama mjukuu wake kwa huruma, kama mtu anayejiuliza karo ilikwenda wapi.

"Mjukuu wangu," alisema, "mdudu mzuri ni nyuki, kwa sababu ya asali. Huyu wako ana nini?"

Hatimaye waliafikiana kufanya jaribio. Kipande cha jani kilitiwa katika chupa ya jemu, mdomo wake ukafungwa kwa kitambaa, na chupa ikawekwa dirishani. Kijana alirudi chuoni. Bibi alikuwa akiitazama kila asubuhi baada ya kukagua mihindi. Baada ya siku kadhaa aliona vumbi jeusi kwenye kioo, na vumbi hilo lilikuwa likitembea. Hakukuwa na kiwavi hata mmoja. Mjukuu alipompigia simu, bibi hakumpongeza wala hakumshukuru. Aliuliza jambo moja tu: "Na mwaka jana nilichoma mangapi?"

Hakuna aliyeweza kumjibu. Tangu siku hiyo aliyachoma mayai meupe na ya kijivu, na yale meusi akayaacha katika kopo lililofunikwa kwa kitambaa chenye matundu membamba yanayompitisha nyigu na kumzuia kiwavi. Aidha alimkataza jirani kupuliza dawa upande wa ua wake. Msimu ulipokwisha alivuna debe moja na nusu. Mahindi mengine yalikuwa yameliwa, mengine yalikuwa salama, na hakuna awezaye kuapa kwamba ni nyigu waliookoa yale salama. Kishamba chenyewe kina hatima nyingine inayokikabili, kwani nusu yake imekwisha kuahidiwa mjenzi wa nyumba za kupangisha. Lakini katika mazungumzo yale ya bibi na mjukuu mlitokea jambo ambalo mwanafunzi wa Kiswahili hapaswi kulipita kimya.

Kijana yule alikuwa na elimu iliyohitajika, na bibi alikuwa na shamba lililoihitaji. Kilichokosekana baina yao ni neno. Si kwamba Kiswahili ni maskini wa majina ya wadudu. Lugha hii ina nyigu, mavu na dondora, ina siafu na sisimizi, ina kumbikumbi na mchwa. Lakini majina haya yalitolewa na jicho na ngozi, yaani yalimtaja mdudu aonekanaye au aumaye. Asiyeonekana wala kuuma alibaki bila jina.

Neno kimelea halitoshi. Limetokana na kitenzi melea, yaani kuota juu ya kitu kingine, na hufaa sana kwa kupe, chawa na minyoo. Vimelea hivyo hula kwa kiasi, na kwa kawaida kifo cha mwenyeji ni hasara kwao. Nyigu wa mayai hana kiasi. Ili aishi sharti mwenyeji afe. Wanasayansi walilitenga kundi hili kwa jina lake wenyewe, lakini mkulima wa Riruta akiambiwa kimelea hufikiri ugonjwa, na akifikiri ugonjwa hutafuta dawa.

Neno dawa nalo lina lake. Kiponyacho mtoto homa ni dawa, na kiuacho kiwavi, nyuki na nyigu kwa pamoja nacho ni dawa. Mtu anapopiga dawa shambani, lugha yenyewe humtuliza kwamba anatibu. Hakuna anayesikia katika neno hilo habari ya wale waliokufa bila kukusudiwa.

Linganisha hayo na jinsi adui alivyopokewa. Kiwavi wa Amerika hakukaa miaka mingi nchini kabla ya kupata jina la Kiswahili linaloeleweka na kila mtu. Kiwavi ni umbo lake, jeshi ni wingi wake, uvamizi ni ujio wake. Jina hilo lilitamkwa redioni, likachapishwa katika vikaratasi vya ushauri, likafika kwenye agroveti. Uwezo wa kuunda istilahi basi upo. Tangu mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilikwisha kutoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na kuwa lugha ya taifa. Adui alipata jina upesi kwa sababu aliogopwa. Rafiki hakupata kwa sababu hakuna aliyemwogopa.

Mapendekezo hayakosekani. Nyigu-yai ni jina fupi linaloonyesha anapoishi, ingawa bado lina mwiba wa neno nyigu. Kimelea-uaji hutofautisha tabia yake na ya kupe, ingawa huweza kumtisha asiyejua ni nani anayeuawa. Mlinda-yai halifai kabisa, kwa kuwa halindi yai bali jani. Haya ni ya kujadiliwa, na mjadala wenyewe hauwezi kufanywa na wanaisimu peke yao. Anayejua sarufi lazima akae na anayejua wadudu, na wote wawili wakae na anayekagua mihindi alfajiri. Chama cha wanafunzi wa Kiswahili kilicho katika chuo kimoja na kitivo cha kilimo hakina kisingizio cha umbali. Kutoka kampasi kuu hadi Upper Kabete ni safari ya matatu moja.

Taasisi ya icipe imekwisha kuwazalisha Telenomus na Trichogramma na kuwaachilia katika mashamba ya Kenya. Kazi hiyo ni njema, lakini nyigu aliyeachiliwa asubuhi huweza kuuawa jioni na jirani aliyepuliza dawa, na mayai yake meusi kuchomwa na mikono iliyozoea kuchoma. Mikono hiyo haitazuiwa na kanuni wala faini. Itazuiwa na mtu atakayeweza kusema, kwa neno moja linaloeleweka shambani na sokoni, kilichomo ndani ya yai lile. Muhindi tayari humwita kwa harufu. Waliobaki ni wenye lugha.